Cheo ni Dhamana: Okonkwo, Ezeulu na Uchifu wa Waigbo

Wasomaji wa Chinua Achebe wamezoea kuwaweka Okonkwo na Ezeulu kwenye ncha mbili zinazopingana. Okonkwo wa Things Fall Apart, riwaya ya mwaka 1958 ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Shujaa Okonkwo, ni mwanamume wa mkono: kijana aliyemwangusha Amalinze katika mieleka akiwa na miaka 18, mkulima asiyechoka, mtu ambaye maneno yakimkwama hukimbilia ngumi. Ezeulu wa Arrow of God, iliyotoka mwaka 1964, ni kuhani mkuu wa Ulu. Nguvu yake imo katika neno na katika kalenda, kwa kuwa yeye ndiye anayetazama mwezi mwandamo, akala kiazi kikuu kimoja kitakatifu, na viazi hivyo vikiisha akatangaza siku ya sikukuu ya mavuno. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, tukiwasoma ndani ya historia ya Waigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria, tunaona kwamba wameangukia shimo moja: kila mmoja alipewa mamlaka kwa dhamana akayahesabu kuwa mali yake. Serikali ya Kiingereza ililifanya kosa hilohilo kuwa sheria.

Sehemu kubwa ya nchi ya Waigbo haikuwa na wafalme. Ilikuwako miji kama Onitsha yenye mtawala wake, lakini kwingi mambo yaliamuliwa na wazee wa koo, baraza la kijiji, marika, vyama vya wenye vyeo, na miungu kupitia makuhani wao. Mwanamume alipanda kwa kuchukua cheo, na kuchukua cheo kulimgharimu ada na karamu, hata utajiri wake ukarudi mikononi mwa watu kabla hajaanza kujivuna. Achebe anaonyesha hayo waziwazi. Okonkwo hakurithi kitu kwa baba yake Unoka, aliyekufa na madeni yake bila cheo chochote. Anakwenda na pombe ya mnazi kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu, naye anapewa viazi vikuu 800 vya kupanda kwa kugawana mavuno. Ukuu wake wote umeota katika imani ya mtu mwingine. Tena kila anapousahau msingi huo, jamii inamkumbusha. Anampiga mkewe Ojiugo katika Wiki ya Amani. Kuhani wa mungu wa ardhi anakuja, anakataa kutafuna kola nyumbani kwake, anamtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100. Okonkwo analipa. Na usiku ule Chielo, mjane anayehudumu kama sauti ya mungu wa Vilima, anapokuja kumchukua Ezinma, binti wa Okonkwo, jabali huyu anabaki kusihi, anakaripiwa, kisha anafuata gizani na panga lake, anakwenda pangoni na kurudi mara kadhaa kwa wasiwasi. Kwa usiku huo neno la mwisho ni la mwanamke.

Kisa cha Ezeulu ni kizito zaidi, maana yeye anajua chanzo cha mamlaka yake. Vijiji sita vya Umuaro vilimuunda Ulu kwa hofu ya wavamizi wa Abam waliokuja kuteka watu na kuwauza utumwani. Ukuhani ukapewa kijiji kilichokuwa kinyonge kuliko vyote, ili asitokee wa kuwatawala wenzake. Wazungu wanapomtaka awe chifu, Ezeulu anakataa, na wanamweka kizuizini Okperi. Kukataa huko ni ushujaa ambao Okonkwo hakuupata kwa upanga. Lakini anaporudi, viazi vitakatifu vimebaki vitatu, kwani kizuizini hakuweza kuvila kwa miezi iliyopita. Mashamba yanangoja, njaa inakaribia. Wanaume 10 wenye vyeo vikubwa wanamwendea, wanamwomba avile, na kama kuna laana, iwaangukie wao. Naona hapo ndipo riwaya nzima inapoegemea. Wenye dhamana wamekuja kuidai, tena wakiwa tayari kulipa gharama. Kuhani anakataa, anasema mungu hajamruhusu, naye msomaji tayari ameona kinyongo alichorudi nacho. Watu wanapeleka viazi vyao kanisani ili wavune kwa ulinzi wa Mungu mwingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba riwaya si ushahidi wa historia. Ni kweli, hakuna kijiji kinachoitwa Umuaro. Lakini mwanahistoria A. E. Afigbo, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu machifu wa hati, anaeleza kwa nyaraka jambo lilelile: Waingereza waliwapa watu hati, wakawakalisha mahakamani, na wengi wao hawakuwa na haki yoyote ya kutawala kwa mila. Katika Arrow of God yumo chifu wa aina hiyo, James Ikedi, anayewanyang'anya watu wake kisha kujipachika ufalme. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kilichowaangusha wanaume hawa ni bunduki, si tabia zao. Siwezi kuipuuza bunduki. Mwaka 1905, baada ya daktari Mwingereza kuuawa karibu na Ahiara, jeshi liliteketeza vijiji, na mwangwi wa tukio hilo unasikika katika maangamizi ya Abame ndani ya Things Fall Apart. Ila bunduki haielezi kwa nini jamii yake ya Umuofia haikumfuata Okonkwo alipomkata kichwa tarishi wa serikali. Alifanya uamuzi wa vita peke yake, huku mkutano ukiwa bado unajadili.

Hati ya uchifu ilimkata mtu na wale ambao wangeweza kumtoza mbuzi. Kwa hiyo haishangazi kwamba walioidai dhamana kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wanawake, ambao serikali haikuwapa nafasi yoyote ingawa, kama msomi Ifi Amadiume alivyoonyesha kuhusu mji wa Nnobi, wao pia walikuwa na cheo chao, Ekwe. Novemba 1929 huko Oloko, hesabu ya watu na mali iliwatia hofu kwamba kodi ya wanaume iliyoanza mwaka uliotangulia sasa inawafikia wao. Walimzingira chifu Okugo nyumbani kwake, wakaimba usiku na mchana, wakadai kofia yake ya uchifu. Akavuliwa, akashtakiwa, akafungwa. Machafuko yakaenea, na askari wakaua wanawake zaidi ya 50. Mwaka 1931 Donald Cameron alitoka ugavana wa Tanganyika akaenda Nigeria, na chini yake machifu wa hati waliondolewa. Maofisa walitumwa vijijini kuuliza watu walimsikiliza nani zamani. Jibu lilikuwa majina mengi, na baadhi ya mahakama mpya zikajaa wazee hadi viti havikutosha, kwa kuwa kila ukoo ulitaka mtu wake awepo.