Bustani ya kumbukumbu: nani analipa?

Uzi mfupi. Mjadala wa bustani za kumbukumbu ukizuka, hapa Majengo nasikia: "Si hiyo pesa ijenge barabara?" Swali halali. Lakini cheki mnara wa Mau Mau pale Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Aliyelipa ni serikali ya Uingereza, baada ya kukubali 2013 kuwafidia wazee 5,228. Yaani aliyetesa ndiye aliyenunua mawe!

Sisi je? Mau Mau ilibaki marufuku hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru (na babu zetu wa Meru na Embu walikuwa msituni). Kimathi alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957, akazikwa humo humo, kaburi bila alama. Ardhi hiyo tayari ni ya serikali. Jiwe moja lenye jina lake lingekula barabara gani?