Ndugu wa Mwani Walio Ziwa Basotu

Wilaya za Hanang na Mbulu ziko mbali na bahari, na mwani hauoti huko. Ila okota jiwe kwenye ukingo wa Ziwa Basotu, ulipitishie kidole. Utelezi ule wenye rangi ya chai ya mkandaa mara nyingi ni diatomu, viumbe vya seli moja vinavyojijengea ganda la silika, malighafi ileile ya kioo. Kwa nasaba, utelezi huo uko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa pwani kuliko ulivyo mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, tangu 1989. Huo wa mashambani, Eucheuma na Kappaphycus, ni mwani mwekundu. Jina ni moja, ukoo mbali.

Rangi ya kahawia hutokana na fukozanthini, inayofunika kijani cha klorofili. Diatomu wanayo, na mwani wa kahawia unayo. Babu yao hakuwa na kloroplasti za namna hii, vifuko vya ndani ya seli vinavyobeba rangi hizo. Alizipata kwa kumeza mwani mwekundu bila kuumeng'enya. Alama ya mlo huo ipo bado: kloroplasti zao zimezungukwa na utando mara nne, wakati za mahindi ya Mbulu zina tando mbili tu. Kwa hiyo mwani wa Paje ni ndugu wa aliyemezwa, si wa aliyemeza.

Diatomu walibaki seli mojamoja. Mwani wa kahawia ulijenga mwili wa seli nyingi, kwa njia yake, bila kufuata ya mimea wala ya wanyama. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa 2024 unaweka mwanzo wake takriban miaka milioni 450 iliyopita. Kuta za seli zake zina alijineti, inayoufanya upinde kwa wimbi usikatike, na sehemu ya jeni za kuitengeneza inaonekana ilitoka kwa bakteria.

Jenomu ya kwanza ya mwani wa kahawia kusomwa, 2010, ilikuwa ya Ectocarpus, uzi mwembamba usiovutia macho: herufi za DNA milioni 214 hivi, jeni kama 16,000. Ana vizazi viwili vinavyoishi kila kimoja peke yake, na jinsia huamuliwa katika kile chenye seti moja ya kromosomu: U ni jike, V ni dume.

Maji yakitoka pwani ya Tanzania utaukuta Padina, upepeo wenye vumbi la chokaa, na Sargassum wenye vibofu vya hewa. Sargassum umekiacha kile kizazi chenye seti moja ya kromosomu: mwani uleule unaoushika mkononi ndio hutoa mayai au mbegu za kiume, kama afanyavyo mnyama.