Udongo, Uji wa Muhogo na Sayari: Zana za Mikono katika Shule za Msingi za Kasulu na Kibondo

Historia ya elimu ya msingi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kutokana na sera, mihtasari na taarifa za ukaguzi. Katika nyaraka za aina hiyo, zana iliyotengenezwa na mwalimu husomwa kama dalili ya upungufu: globu haipo, ndiyo maana udongo upo. Insha hii inaupinga usomaji huo kwa kuchunguza kifaa kimoja kidogo, mfano wa sayari, katika nyanda za juu za Kigoma.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilitaka kazi ya mikono na kazi ya akili zisitenganishwe. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na kuanzia 1977 wanafunzi waliongezeka kuliko vifaa. Hata hivyo, kutengeneza zana kwa malighafi za mazingira kulikuwa tayari sehemu ya mafunzo ya ualimu, na Kasulu yenyewe ina vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Kabanga. Kufinyanga sayari, basi, kulikuwa mbinu iliyofundishwa kabla ya kuwa dharura.

Mbinu yenyewe inastahili maelezo. Tufe la udongo mtupu hupasuka likikaushwa juani haraka. Njia nyepesi ni kufunga majani makavu ya mgomba kuwa mpira, jambo ambalo mtoto wa Buha hahitaji kufundishwa, kisha kulivika mpira huo karatasi zilizolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa muhogo. Likikauka kivulini, hupakwa rangi.

Ugumu huanzia kwenye vipimo. Dunia ikiwa punje ya maharage yenye upana wa sentimita 1, Mshtarii ni balungi la sentimita 11, nalo Jua linapita mita 1 na kukaa umbali wa mita 117, yaani nje ya uwanja wa mpira. Sayari ya mwisho iko kilomita 3.5, pengine kijiji cha pili. Hakuna chati ya ukutani inayoweza kuonyesha ukubwa na umbali kwa kipimo kimoja. Mwanafunzi anayetembea na punje mkononi huligundua hilo kwa miguu yake.

Majina nayo yana historia yake. Vitabu vya shule viliiita sayari ya kwanza Zebaki, tafsiri ya jina la madini, ilhali Utaridi, jina lake la Kiarabu, lilihamishiwa Pluto. (Kosa hili limedumu kuliko walioliandika.) Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, shule za wakimbizi wa Kongo zilifuata mtaala wa kwao kwa Kifaransa, vivyo hivyo, Warundi waliopokelewa Nduta, Kibondo, kuanzia 2015 walisoma mtaala wa Burundi. Tufe lile lile, likitoka darasa moja kwenda jingine, lingebadilishwa kibandiko tu: Zuhura au Vénus.

Agosti 2006 wanaastronomia waliokutana Prague waliiondoa Pluto katika orodha ya sayari. Chati za sayari tisa zilisubiri kuchapwa upya. Mtungo wa tufe za karatasi ulihitaji kufunguliwa fundo moja.