Nyumba na Shule katika Mitaa ya Dar es Salaam

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sayyid Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, na Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, wakaufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Kabla ya vita vya 1914 walikuwa wamekwisha kuugawanya mafungu matatu kwa sheria ya majengo, na Waingereza walipoutwaa mwaka 1916 wakaushika mgawanyo ule ule. La ajabu ni kwamba sheria haikutaja asili ya mtu, ilitaja nyumba. Katika fungu la kwanza zilitakiwa nyumba za namna ya Kizungu. Katika la pili, nyumba za kukaa na kufanyia biashara. Katika la tatu mtu aliruhusiwa kujenga kwa miti, udongo na makuti. Mfuko ndio uliomchagulia mtu fungu lake. Basi zikatokea Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja.

Nyumba ya Kariakoo yastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyoulea mji. Mbele ina baraza, katikati ukumbi, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba aghalabu alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia, hata mgeni aliyetoka Rufiji au Uluguru aliweza kuishi mjini bila kujenga. Wako wanawake waliopata riziki yao yote kwa kodi hizo. Barazani mwalimu wa chuo alisomesha watoto Kurani. Walakini kiwanja kilikuwa cha serikali, na haki ya aliyejenga juu yake ilikuwa ya muda mfupi.

Katika shule, neno ambalo sheria ya majengo ililificha lilisemwa wazi: palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Jumuiya za Kihindi, hasa Waismailia, zilijijengea zao. Waislamu wa Kariakoo nao, kwa chama chao cha Al-Jamiatul Islamiyya, walijenga shule katika miaka ya 1930. Lakini mtoto wa Kariakoo au Ilala aliyebahatika alisoma hadi darasa la nne, na wachache tu wakaendelea mbele. Sekondari ya serikali ya Wahindi, ambayo baadaye iliitwa Azania, haikuwa mbali na kwao, wala hakuweza kuingia. Ilimpasa kutafuta nafasi Pugu kwa Wakatoliki au Minaki kwa Waanglikana, zote za bweni na nje ya mji.

Hata ilipofika hesabu ya watu ya mwaka 1957, mji ulikuwa na watu 128,742. Serikali ilikuwa imejenga nyumba Magomeni na Temeke, Wahindi walikuwa wakihamia Upanga, na Wazungu walikuwa Oyster Bay.

Mwaka 1962 ubaguzi wa asili uliondolewa shuleni. Jambo hili lilikuwa kubwa, lakini halikuhamisha nyumba hata moja. Aliyekaa Upanga alikwenda Azania kwa miguu. Wa Temeke, hata alipochaguliwa, alianza na safari. Mwaka huo huo liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo mengi ya kupangisha, hata familia kadha za Kiafrika zikapata makao katika mitaa ya shule zile. Zilikuwa chache kuliko watu waliomiminika Manzese na Tandale, wakajenga nyumba ile ile ya ukumbi na vyumba sita kabla shule haijapata kiwanja.

Mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Alfajiri, katika vituo vya Mbagala, wanafunzi waliovaa sare husimama wakingoja daladala, na konda, kwa kuwa nauli yao ni ndogo, huwatazama watu wazima kwanza.