Kode ilizaliwa kwa kuhesabu vyuma vya motokari

Bandugu wasomi, wengi wetu ambao walimaliza infomatiki wako na wazo moja: aplikasyo ya telefone ya kukusanya michango ya kikundi kwa kode ya QR. Wazo ni nzuri. Lakini mbele ya kuandika hata mstari moja ya programu, tuangalie hii kode ilitokea wapi, juu historia yake inatuonyesha pa kuibandika.

Mwaka 1994, kule Japani, Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso walikuwa na shida ya kiwandani. Kode za mistari zilibeba alama karibu 20 tu, kwa hiyo mfanyakazi alisoma nyingi kwa kisanduku kimoja cha vyuma vya motokari. Ile yao mpya iliweza kubeba tarakimu zaidi ya 7,000. Miraba mitatu ya pembeni inaambia mashine kode iko wapi. Walipekua magazeti na makartoni kutafuta uwiano wa nyeusi na nyeupe ambao ni nadra kwa maandishi, wakapata 1:1:3:1:1. Hata ikichafuka karibu 30%, inaweza kusomeka. (Kwao ilikuwa mafuta ya kiwanda, kwetu ni matope.) Na kampuni haikudai malipo, ndiyo maana mwanafunzi wa Bukavu anaitengeneza bure.

Angalieni vizuri: kode ilikuwa kwenye kitu kinachohesabiwa, na mwenye kuhesabu ndiye alishika mashine.

Malipo yalikuja nyuma. Alipay ya China ilianza kulipisha kwa kode mwaka 2011, kisha wauzaji wakabandika kode kwenye meza, mteja anapiga picha na kulipa. Kwa duka inatosha. Mwenye sukari hajali ni nani alinunua.

Likelemba inajali. Kila mtu anatoa sawa, moja anabeba yote kwa zamu, na daftari iko na majina. Tangu M-Pesa iingie Congo mwaka 2012, feza inafika toka mbali, lakini mara nyingi inatokea kwa namba ya shemeji ao ya jirani. Mweka hazina anabaki na mesaji nyingi, hajui mchango ni wa nani. Kode moja ya ukutani haiondoi ile shida hata kidogo.

Kwa hiyo mimi ningerudi kiwandani: kila mwanamemba abebe kadi yenye kode yake, ndani mukiwa namba ya uanachama tu, si jina wala telefone. Mweka hazina anaisoma, ukurasa wa yule mtu unafunguka, anaandika mwezi na kiasi. Alama ya "amelipa" itoke kwa uthibitisho wa kampuni ya simu yenyewe, si kwa picha ya mesaji, juu picha inageuzwa kwa dakika mbili. Na mama mwenye telefone ya batani anahesabiwa sawa na wengine, juu kamera inahitajika kwa mweka hazina tu.