Njumu ya Pembe na Njia ya Ujiji: Nasaba Isiyoandikwa ya Saa za Kale

Saa ndefu ya mahogani, ile inayosimama sakafuni na kumzidi mtu kimo, ina nasaba inayotunzwa kuliko ya vyombo vingi vya nyumbani. Jina la fundi huandikwa usoni mwa saa. Wasia, risiti na orodha za mnada hueleza imepita mikononi mwa nani, na bei hufuata ukamilifu wa mlolongo huo. Hoja yangu ni kwamba mlolongo huo huanza ukiwa umechelewa. Huanzia dukani, ilhali malighafi ilikwisha kusafiri mbali, na kwa saa zilizotiwa njumu ya pembe za ndovu, sehemu ya safari hiyo yaweza kuwa imepita Ujiji, pale Kigoma kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika.

Tuweke mipaka kwanza. Saa za Kiingereza za karne ya 18 hazihusiani na njia yetu: mahogani yake ilikatwa na watumwa Jamaika na Honduras, kabla Ujiji haijawa kituo cha pembe. Ninazozizungumzia ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza walipofufua mtindo wa Sheraton, mbunifu wa samani wa karne ya 18, na kupamba mahogani kwa mbao za rangi nyingine na, mara nyingine, pembe. Wakati huo Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe duniani, na pembe laini ya Afrika Mashariki ilitafutwa sana na mafundi wa ng'ambo kwa kuwa ilichongeka vizuri.

Nyuma ya Zanzibar palikuwa na Ujiji. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika huko Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikwisha kutangulia. Baadaye pembe za Manyema, nchi ya magharibi mwa ziwa, zilivushwa kwa mitumbwi. Kijiji cha Ilagala kiko karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na mtumbwi uliofuata ufuko kati ya Ujiji na kusini ulipita mbele ya mdomo huo. Huko bara, misafara ya Tabora na Bagamoyo iliukuta tena mto huohuo katika nchi ya Uvinza, ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo ivushwe. Mwandishi wa habari Stanley naye alilipa mwaka 1871, na punda wake aliyeitwa Simba akachukuliwa na mamba pale kivukoni.

Burton ameeleza namna mpagazi wa pembe alivyotembea, na ningependa kila mwandishi wa katalogi aisome habari hiyo. Pembe iko begani. Kwenye ncha yake imefungwa kengele inayolia njia nzima. Upande wa pili vinaning'inia vitu vyake mwenyewe, chungu, kibuyu na mkeka wa kulalia. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, wakaichukua wawili. Katika misafara hiyo walikuwamo Wanyamwezi wa ujira, na walikuwamo watumwa. Aliyeibeba pembe kwa miezi hatajwi popote, lakini aliyeinunua saa na kuiuza baada ya mwaka mmoja anatajwa kwa jina na anwani.

Sheria nayo haijaliziba pengo hilo. Sheria ya Pembe ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, huruhusu kifaa cha kabla ya 1947 kiuzwe baada ya kusajiliwa, mradi pembe iwe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake. Naiunga mkono, kwa sababu inalinda tembo walio hai. Ila inauliza kifaa ni cha lini na kina pembe kiasi gani. Haiulizi pembe ilitoka wapi wala ilibebwa na nani.

Wako watakaosema kwamba pembe zilichanganywa Zanzibar, zikachanganywa tena London, hivyo kipande chembamba cha njumu hakina tena kwao. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si la mwisho. Utafiti wa Ashley Coutu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulitumia isotopu kutafuta maeneo waliyoishi tembo wa biashara ya karne ya 19. Na pale maabara isipotoa jibu, mwanahistoria bado anaweza kuandika “huenda”, neno ambalo katalogi za minada hulitumia bila haya zinapomtaja fundi.

Kwa hiyo napendekeza kila maelezo ya saa ya namna hiyo, sawa na ya viti vyetu vya enzi vya mpingo na pembe vilivyomo makumbusho ya Lamu na kwingineko, yawe na mstari wa malighafi kabla ya mstari wa mmiliki wa kwanza: aina ya mti na ulikokatwa, njia ya pembe inayokisiwa, bandari, na hali ya wachukuzi. Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji ndiyo mahali panapofaa kuanza kuandaa ramani ya njia hizo, vivuko vya Malagarasi vikiwamo.