Jenomiki Linganishi: Nasaba ya Vimelea vya Porini na vya Zizini

Nyuma ya kuta nyingi za Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam, kuna mifugo. Ukishuka Tangi Bovu au Makonde ukaingia mitaa ya ndani, utasikia kuku wa mayai, utanusa zizi la ng'ombe wawili watatu wa maziwa wanaoletewa majani ya kukatiwa, na asubuhi utapishana na kijana wa baiskeli anayewapelekea majirani maziwa mabichi. Kwenye miembe ya nyumba hizohizo wapo popo. Komba hulia usiku, kunguru hudokoa pumba za kuku, na panya wana njia zao kutoka mtaroni hadi stoo ya chakula cha mifugo. Ukuta huzuia wezi, hauzuii bakteria kutoka kwenye mkojo wa panya kwenda kwenye hori la ng'ombe.

Ng'ombe akiugua au akifa ghafla, mfugaji huuliza: ugonjwa huu umetoka wapi? Elimu inayolijibu swali hilo kwa undani ina jina ambalo kwa Kiswahili bado halijatulia. Wengine huandika "ulinganisho wa vinasaba", wengine "uchambuzi wa jenomu", na wengi huliacha neno la kigeni lilivyo. Mimi nasimama na jenomiki linganishi, na naomba wanaoandika habari za afya na mifugo walitumie bila woga.

Neno jenomu lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1920 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hans Winkler, alilibuni kwa ajili ya mkusanyiko wa kromosomu za kiumbe. Siku hizi tunalitumia kwa maelekezo yote ya urithi aliyonayo kiumbe, yaani jeni zake zote pamoja na sehemu zilizo kati ya jeni hizo. Maelekezo hayo yamo kwenye DNA, katika mpangilio wa kemikali nne ambazo wataalamu wamezipa herufi A, C, G na T. Bakteria wa kwanza kusomwa jenomu yake nzima alikuwa Haemophilus influenzae, mwaka 1995, akakutwa na herufi milioni 1.8 hivi. Jenomiki ndiyo elimu ya jenomu, na jina hilo lilipendekezwa na Thomas Roderick wa Marekani mwaka 1986.

Kwa nini tusiseme vinasaba tukamaliza? Kinasaba ni neno zuri, lenye mzizi katika nasaba, na kila mtu wa pwani anajua uzito wa nasaba. Tatizo ni kwamba limeshapewa kazi nyingine. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na Mtanzania akisikia "kupima vinasaba" mawazo humpeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kwenye shauri la nani baba wa mtoto. Isitoshe, waandishi hulitumia mara kwa jeni moja, mara kwa DNA, mara kwa jenomu nzima. Istilahi yenye maana tatu huleta vurugu maabara na darasani. Jenomu iwe jumla, jeni iwe sehemu yake, na vinasaba vibaki pale sheria ilipoviweka.

Linganishi, kwa upande wake, halihitaji kutetewa. Vyuo vyetu vinafundisha isimu linganishi na fasihi linganishi kwa miaka mingi, na hakuna mwanafunzi anayeuliza maana yake. Tofauti moja tu izingatiwe. Jenomiki linganishi ni taaluma. Kazi inayofanyika maabara, ya kuweka jenomu hii kando ya ile, tuiite ulinganishaji wa jenomu.

Kazi yenyewe huanza na sampuli: maziwa, damu, kinyesi au kipande cha mzoga. Maabara hukuza bakteria, hutoa DNA yao, mashine huisoma vipande vipande, kisha kompyuta huviunga vipande hivyo. Hapo ndipo kulinganisha kunapoanza, na anayejua kazi ya wahakiki wa miswada ya kale ya tenzi ataielewa mara moja. Mhakiki akikuta nakala mbili zenye kosa lilelile la mwandishi katika ubeti uleule, hutambua kwamba zote mbili zimetokana na mswada mmoja. Bakteria naye hujinakili kila anapogawanyika, na mara chache hukosea herufi. Kosa hilo hurithiwa na uzao wake wote. Bakteria wa ng'ombe na wa nyumbu wakikutwa na makosa yaleyale mahali palepale, wametokana na mzazi mmoja, na idadi ya makosa wanayotofautiana hudokeza mzazi huyo ni wa karibuni au wa zamani. Kutokana na hesabu hizo kompyuta huchora mti wa nasaba.

Zipo tofauti kubwa kuliko herufi moja. Mwaka 2001 jenomu ya Escherichia coli aina ya O157:H7, inayoleta kuhara damu, ililinganishwa na ya K-12, aina isiyodhuru inayotumika sana maabara. Ile ya kwanza ilikuwa na zaidi ya jeni 1,000 ambazo ya pili haina kabisa. Ni bakteria wa jina moja, lakini mmoja hukaa tumboni kwa amani na mwingine hupeleka mtoto wodini. Kwa hiyo taarifa inayosema tu kwamba "E. coli amepatikana kwenye kuku" haijamwambia mfugaji jambo kubwa.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa kifua kikuu. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba binadamu aliupata ugonjwa huu kwa ng'ombe zama alipoanza kufuga. Jenomu ya Mycobacterium tuberculosis, kimelea kikuu cha binadamu, ilitangazwa mwaka 1998, ikiwa na herufi takribani milioni 4.4. Ya Mycobacterium bovis, kimelea cha ng'ombe, ilifuata mwaka 2003, ikiwa na milioni 4.3. Herufi zao zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.95. Kilichopindua imani ya zamani ni mapengo. Tayari mwaka 2002 Roland Brosch na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kimelea cha ng'ombe kimepoteza vipande vya DNA ambavyo cha binadamu bado kinavyo. Kipande kilichopotea hakirudi kirahisi, kwa hiyo kimelea cha binadamu hakiwezi kuwa mtoto wa kile cha ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshtakiwa bure.

Mfugaji wa leo asifarijike mno, kwani M. bovis bado huingia kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na porini yupo. Katika sampuli zilizochukuliwa Serengeti mwaka 2000, nyumbu 2 kati ya 18 walikutwa naye. Kusema nyumbu aliambukizwa na ng'ombe, au ng'ombe na nyumbu, kunahitaji jenomu kutoka pande zote mbili, nyingi na zilizochukuliwa eneo moja. Hata hapo ugumu haujaisha. M. bovis hubadilika polepole mno, herufi moja kwa miaka kadhaa, hivyo wanyama wawili wanaweza kuwa na jenomu zisizotofautiana hata kidogo huku tusijue nani alimpa nani. Uingereza, ambako ng'ombe hugawana malisho na mnyama wa porini anayefanana na nyegere, ilichukua miaka ya kukusanya sampuli kabla ya uelekeo kuanza kuonekana. Undugu huonekana mapema, uelekeo huchelewa. Atakayeandika kwamba "jenomu imethibitisha wanyamapori ndio chanzo" kwa kuona kufanana peke yake amevuka mpaka wa ushahidi.

Ngorongoro imetupa funzo la namna nyingine. Kimeta huua mifugo na wanyamapori huko, na mbegu za bakteria wake, Bacillus anthracis, huweza kulala udongoni miongo kadhaa bila kugawanyika, kwa hiyo bila kukusanya makosa mapya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao wa Tanzania walisoma jenomu za bakteria kutoka kwenye mizoga ya eneo hilo, na katika matokeo yao ya mwaka 2022 walieleza jambo ambalo hawakulitarajia: ndani ya mnyama mmoja bakteria hawakuwa sawa wote. Maana yake ni kwamba kuchukua kimelea kimoja kwa mzoga mmoja kunaweza kumpotosha anayechora mti.

Mji unaofanana zaidi na wetu uliokwisha kuchunguzwa hivi ni Nairobi. Dishon Muloi na wenzake walikusanya E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyamapori wanaoishi karibu na makazi katika kaya 99, wakasoma jenomu 1,338. Matokeo yao, pia ya mwaka 2022, yalionyesha kwamba kaya ndiyo mpaka mkubwa: wanaoishi boma moja hugawana bakteria kuliko wanaoishi mbali. Kugawana kati ya watu na wanyama kulikuwepo, ila mara chache zaidi. Matokeo ya aina hiyo hayawatishi watu kwa kisingizio cha popo, wala hayawadanganyi kwamba zizi halina hatari.

Dar es Salaam inastahili uchunguzi wa namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta E. coli sugu kwa dawa nyingi katika kuku na nguruwe wa jiji hili. Kinachofuata, kwa maoni yangu, ni kuziweka jenomu zao kando ya zile za panya, popo na kunguru wa mitaa hiyohiyo, kuanzia Mbezi Beach hadi Temeke, iliko maabara kuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Nusu ya pili ya istilahi yetu ndiyo inayodai hivyo, maana jenomu ya upande mmoja haina cha kulinganishwa nacho.

Na wewe mfugaji una sehemu yako. Mnyama akifa ghafla, hasa akitoka damu puani au sehemu ya haja, usimpasue, usimchune wala kuuza nyama yake. Mfunike, zuia watoto na mbwa wasimkaribie, umwite afisa mifugo wa kata aje achukue sampuli kwa utaratibu salama.